Bajeti ya Nyanya Haina Mwisho wa Mwezi

Kila nikifungua simu siku hizi kuna mtu ananifundisha kanuni ya 50/30/20. Asilimia 50 ya mshahara iende kwa mahitaji, 30 kwa vitu vya kujifurahisha, 20 iwe akiba au ilipe madeni. Anayefundisha huwa amevaa shati safi, nyuma yake kuna ua la plastiki, na kabla video iishe atakuambia uache kununua kahawa ya mia tatu. Wasee, mimi niko Kimana. Kahawa ya mia tatu labda uipate kwa loji za watalii huko upande wa Amboseli, na huko pia askari wa geti atakuuliza kwanza umekuja kufanya nini.

Sina ubaya na kanuni yenyewe. Ilijulikana sana kupitia kitabu cha mwaka 2005 cha Elizabeth Warren, ambaye baadaye alikuwa seneta Marekani, na bintiye Amelia Warren Tyagi. Waliwaandikia Wamarekani ambao wengi wao wanajua mshahara unaingia lini, na kwa watu kama hao inaingia akilini. Shida ni lile neno ambalo video zetu hulipita mbio kama bodaboda aliyeona polisi: mshahara. Asilimia 50 ya nini? Kwetu kuna miezi mitatu mfululizo ambapo asilimia 50 ya pesa ya shamba ni sufuri, halafu kuna wiki moja simu ya mzee inaingia elfu sabini.

Nina binamu Kitengela, anashona nguo kwa kiwanda cha EPZ pale Athi River. Yeye ana mwisho wa mwezi. Anajua SHA watakata asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, NSSF nao wachukue yao, na kinachobaki kinaenda kwa kodi ya nyumba, maji ya mtungi (Kitengela na maji, hiyo ni stori nyingine) na nauli. Pesa yake ni kidogo lakini inakuja na tarehe. Anaweza kukaa Jumapili na kalamu akagawanya. Video zile ni zake, hata kama hiyo asilimia 30 ya kujifurahisha humfanya acheke.

Huku kwetu pesa ina tabia nyingine. Kama hujawahi kufika, Kimana iko kwa barabara ya kutoka Emali kwenda Oloitokitok, Kilimanjaro ikiwa mbele yako asubuhi kama hakuna mawingu. Maji ya chemchemi yanayotoka chini ya huo mlima ndiyo yamefanya mahali pakavu hivi pawe na nyanya na vitunguu vinavyopakiwa kwa lori kwenda Nairobi na Mombasa. Mwenye ng'ombe anapata pesa akiuza ng'ombe. Anayefanya kazi loji anangoja msimu wa wageni. Sisi tunakodi shamba nusu ekari na kulima nyanya, kwa hivyo tunangoja nyanya. Mama ana meza sokoni, anauza mboga na omena, na hiyo ndiyo pesa pekee kwetu inayoonekana kila siku. Mimi narekodi video za biashara ndogo ndogo za hapa: leo nalipwa elfu tatu, halafu wiki tatu ni kimya.

Na si sisi tu. Mwaka 2014 FSD Kenya walitoa utafiti ulioitwa Kenya Financial Diaries. Walifuata familia karibu 300 za kipato cha chini kwa miezi mingi, wakiandika kila shilingi inayoingia na inayotoka. Waliyoyaona ni yale ambayo mama yangu angewaambia bure: mapato ya nyumba moja yanapanda na kushuka vibaya mwezi kwa mwezi, na familia nyingi zinaishi kwa kuunganisha vijito vingi vidogo. Lakini bado tunafundishwa bajeti kana kwamba kila mtu ana binamu yangu ndani yake.

Sasa niwape hesabu ya nyumbani, kwa ruhusa ya mama. Mzee alisema niandike tu, mradi nisitaje shamba liko wapi.

Msimu uliopita tulivuna mwezi wa Novemba na Desemba. Kreti 20 za kwanza ziliuzwa 3,800 kila moja. Zilizofuata 30 ziliuzwa 2,500. Za mwisho 25, soko lilipojaa, zilienda 1,400. Jumla ni 186,000. Ukisikia hiyo namba unadhani tumetoboa. Mtu akiiona kwa simu anaanza kuwaza sofa.

Toa kodi ya shamba 10,000. Toa mbolea na dawa 48,000, kwa sababu yule nondo wa Tuta absoluta hajali kama wewe ni mkulima mdogo au mkubwa. Toa vibarua 22,000. Toa petroli ya pampu 14,000. Tangu Julai 2023 VAT ya mafuta ilipotoka asilimia 8 hadi 16, hata kumwagilia nyanya ni kulipa ushuru. Toa usafiri na kupakia 9,000. Inabaki 83,000.

Hiyo 83,000 si ya mwezi. Kutoka mbegu kwa kitalu hadi kreti ya mwisho ni kama miezi mitano. Gawanya, ni 16,600 kwa mwezi. Tuko watano: mzee, mama, mimi, dadangu aliye sekondari ya bweni na kakangu mdogo. Gawanya tena kwa siku, ni kama bob 110 kwa kila mtu. Huyo ndiye tajiri wa elfu mia na themanini na sita.

Januari ikakuja na mdomo wazi. Ada iliyowekwa na serikali kwa shule ya kiwango cha ile ya dadangu ni 40,535 kwa mwaka, na muhula wa kwanza unabeba nusu, yaani 20,268. Vitu vya kubeba, sare, sabuni, sanduku jipya na nauli: 8,000. Mbegu, mbolea, kukodi shamba na dawa za mwanzo za msimu mpya: 45,000. Gunia mbili za mahindi: 8,000. SHA, kwa wasio na mshahara, wanataka mchango wa mwaka mzima, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, kwa hivyo 3,600. Jumlisha. Ni 84,868. Tumepita pesa iliyopo kwa 1,868, na hapo hatujanunua mafuta ya kupika, gesi, wala kalamu ya kakangu.

Video ya shati safi ingesema nini hapa? Punguza matumizi yasiyo ya lazima. Nimeangalia hiyo orodha kutoka juu mpaka chini na sijaona kahawa.

Swali halikuwa kipi ni cha lazima, kwa sababu vyote ni vya lazima. Swali lilikuwa kipi kinaweza kungoja, na kikingoja kitatugharimu nini. Na hapo ndipo mzee na mama waligawanyika.

Mzee alitaka ada yote ilipwe siku ya kufungua. Namwelewa. Hapa kwetu baba anapimwa kwa hilo. Mtoto akirudishwa nyumbani kuchukua ada, anashuka kwa matatu pale steji na sanduku lake, na kabla afike mlangoni kila kibanda kimejua. "Shamba litajipanga," akasema. "Mtoto hajipangi."

Mama akafungua daftari lake. Ni daftari la kawaida la kurasa 96, jalada limeshikwa na selotepu, na kwa maoni yangu ndilo apu bora ya bajeti katika Kaunti ya Kajiado. Akasoma hesabu ya mwaka mmoja nyuma. Mwaka huo ada ililipwa yote siku ya kwanza, na pesa ya mbegu ikaisha. Ndipo akaja broka, mtu mpole sana, akamkopesha mzee 30,000 za kuanzia. Sharti ni kwamba kreti 30 za kwanza ziwe zake, kwa 1,800. Nyanya zilipoiva, wengine walikuwa wanauza 3,500. Tofauti ni 1,700 kwa kreti. Mara kreti 30, ni 51,000.

Rudi usome hiyo tena, polepole. Ada ya mwaka mzima ni 40,535. Ili kulipa nusu yake kwa wakati, tulipoteza 51,000. Dadangu alisoma vizuri mwaka huo, hakurudishwa hata siku moja, na aibu tuliyoiepuka ilituuzia ada nyingine nzima na zaidi.

Hapa ndipo mimi sikubaliani na karibu kila mtu anayefundisha bajeti ya familia. Wanaweka chakula, nyumba, shule na hospitali upande wa mahitaji, halafu mtaji wa kazi wanauacha nje, au wanauita uwekezaji, kitu cha kufanya ukibaki na kitu. Kwa aliyeajiriwa ni sawa, kwa sababu mwajiri ndiye ananunua cherehani. Binamu yangu haendi EPZ na uzi wake. Lakini kama wewe unalima, unauza mitumba, unaendesha boda, hata kama unarekodi video kama mimi, cherehani ni yako. Mbegu ni mahitaji. Ziko juu ya sanduku jipya, na mara nyingine ziko juu ya tarehe ya ada. Sikusema juu ya ada yenyewe, nimesema juu ya tarehe yake.

Kwa sababu tarehe huzungumzika. Mzee alienda shuleni kabla ya kufungua, si baada ya mtoto kurudishwa, na akakaa kwa benchi nje ya ofisi ya mhasibu kuanzia saa mbili mpaka saa saba. Alirudi na makubaliano: 12,000 siku ya kufungua, 8,268 kabla Februari iishe. Sidhani kila shule ingekubali. Lakini kwenda na karatasi yenye tarehe ni tofauti na kwenda na machozi, na kwenda mapema ni tofauti na kwenda umeitwa.

Hizo 8,268 zingetoka wapi? Kwa chama. Zamu ya mama ilikuwa Agosti, 15,000. Kuna mwenzake wa zamu ya Februari ambaye alitaka pesa yake Agosti, wakabadilishana. Haikuwa na riba wala fomu. Watu wa mjini hucheka vyama vya akina mama kwamba ni chai na mandazi, kumbe kuna soko la tarehe ndani yake. Kama mamako yuko kwa chama, muulize zamu yake ni mwezi gani na kwa nini. Utajifunza mengi kuliko kwa uzi wowote wa X.

Linganisha na mikopo ya simu. Hustler Fund, tangu Novemba 2022, riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, na kwa karatasi hiyo ni poa. Lakini ule wa mtu binafsi unafaa ulipwe ndani ya siku 14. Hakuna nyanya inayoiva siku 14. Fuliza nayo ina ada ya asilimia 1 ya kuingia na kisha ada ya kila siku, na pesa yoyote ikiingia kwa M-Pesa inalipa Fuliza kwanza. Kumaanisha siku nyanya zinauzwa, mtu wa kwanza kula si mtoto. Sisemi usiitumie, mama ameitumia usiku ambao kaka alikuwa na homa. Nasema mkopo una tarehe na pesa yako ina tarehe, na hizo mbili zisipoonana utakuwa unakopa kulipa mkopo.

Basi hesabu ikakaa hivi. 45,000 za shamba zikafungwa kwa akaunti ya kufungia akiba kwa simu, zisionekane kwenye salio. Shule 12,000. Mahindi 8,000, yawekwe nyumbani na kusagwa posho mill kidogo kidogo, kwa sababu unga wa pakiti ukinunuliwa mmoja mmoja unakula pesa kimya kimya, na gorogoro ya kukopa dukani ni mbaya zaidi. SHA 3,600, ilipwe wiki hiyo hiyo ambayo pesa ipo. Hapa nitawashangaza: huu mpango wa kulipa mwaka mzima, ambao watu wengi wanaulalamikia, unamfaa mkulima kama atalipa akivuna. Unamuumiza tu akikumbuka akiwa tayari amefika hospitali. Vitu vya shule vikashuka kutoka 8,000 hadi 4,500. Jumla 73,100. Zikabaki 9,900 za kusukuma siku, pamoja na pesa ya meza ya mama na chochote ninacholeta.

Kile cha 4,500 nataka kukieleza, kwa sababu hakikutoka kwa mzee wala mama. Kilitoka kwa dadangu. Zamani pesa ya shamba ilikuwa siri ya mzee na pesa ya soko ilikuwa siri ya mama, na sisi watoto tulijua tu kuna au hakuna. Usiku huo mama alisema kila mtu akae, hata huyo wa sekondari. Mzee hakufurahia. Alisoma meseji za M-Pesa moja moja kwa sauti, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Dadangu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kreti 1,400 ilikuwa inalipa hata vibarua, kisha akasema sanduku la binamu wa Kitengela bado linafunga, na sare ya mwaka jana inaweza kuachiliwa pindo. Hakuna aliyemwomba.

Najua wazazi wengi wanaficha hesabu ili watoto wasiwe na mawazo. Lakini sisi huwa na mawazo tu. Mtoto anayesikia "hakuna pesa" huku ameona lori likipakia nyanya za baba yake anaanza kutunga majibu yake mwenyewe, na mengi si mazuri. Na wewe uliye na miaka 22, unayetumwa pesa au unayetuma, kama hujui nyumbani kwenu huingia ngapi na lini, hiyo elfu mbili unayotuma unaitupa gizani. Huenda ilihitajika wiki ya mbegu, wewe ukaituma wiki ya Krismasi ikawa soda.

Kuna mstari mwingine kwa daftari la mama ambao sijawahi kuuona kwa apu yoyote: michango. Matanga, harusi, bili ya hospitali ya jirani, vikundi vya WhatsApp vinavyofunguliwa Jumatatu na jina la mtu na picha ya maua. Wenye shati safi watasema ukatae. Wewe kataa halafu ndovu waingie shambani kwako usiku, kama walivyoingia kwa jirani yetu, uone nani atakuja kukusaidia kuinua ua. Mama ametenga 500 kwa mwezi. Zikiisha anaenda na sufuria na mikono yake, anapika huko matangani, na hakuna mtu amewahi kusema hakuchanga.

Sitawadanganya kwamba sasa tunaelea. Hizo 9,900 ziliisha Februari. Machi tulikula sukuma mpaka kaka akauliza kama mbuzi nao huchoka. Kwa jirani zetu wafugaji mbuzi ndiye akiba, na ukame uliopita, ule wa 2021 na 2022, ulionyesha akiba yenye miguu inaweza kulala chini yote kwa msimu mmoja. Shamba letu nalo ndovu wakiamua, au bei ikianguka, hiyo 45,000 imeenda. Hakuna daftari linalozuia hilo. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna broka aliye na kreti zetu kabla hazijaota.

Dadangu yuko shule, ile 8,268 ililipwa kabla Februari iishe. Muhula wa pili ni asilimia 30 ya ada, kama 12,160, na tarehe yake imezungushwa kwa kalamu nyekundu. Mzee ameanza kusema msimu ujao tujaribu vitunguu. Mama amesema sawa, alete kwanza hesabu ya mbegu, na aandike kando yake ni miezi gani vitunguu vya Tanzania huingia kwa wingi.